Picha: Mtandao. Mwongozo kwa Mwanablogu Mwenye Haraka

Posti imekamilika. Kichwa cha habari kimesimama vizuri: "Faida Saba za Maji ya Madafu Ambazo Daktari Wako Hakukwambia." Aya zimepangika, na hata ile faida ya saba uliyoitunga mwenyewe imekaa mahali pake. Saa sita kasoro usiku, bando limebaki kidogo, na kimekosekana kitu kimoja tu: picha. Bila picha hakuna atakayebofya. Usihangaike. Mwongozo huu ni wako, mwanablogu mwenye haraka, na ukiufuata kikamilifu utafika mbali, pengine hadi mahakamani.

Ingia Google. Andika unachotafuta kwa Kiingereza, maana inajulikana kwamba picha nzuri hazisikii Kiswahili. Nazi za kila aina zitamiminika. Chagua inayong'aa kuliko zote: dafu lililochongwa ganda lote la kijani likabaki jeupe, juu limechongoka, limewekwa kwenye meza ya mbao na ua la pinki pembeni. Hilo ni dafu la Thailand, ndivyo wanavyolichonga kule. Msomaji wako wa Tanga, ambaye maisha yake yote amekunywa dafu lililofyekwa kichwa kwa panga pembeni ya baiskeli, atalitazama na kujiuliza kama ni tunda au ni figili. Hayo yatakuwa yake. Wewe bonyeza, hifadhi, pakia. Dakika haijaisha.

Halafu fanya kile kinachomtofautisha mwanablogu aliyekomaa na kibaka wa kawaida. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, andika: Picha: Mtandao.

Mtandao, kwa wasiomfahamu, ndiye mpigapicha hodari kuliko wote Afrika Mashariki. Ndiye aliyewapiga nyumbu wakivuka Mto Mara. Alikuwepo Kariakoo soko lilipoungua Julai 2021. Akitoka hapo anawahi harusi Mombasa, na jioni anapiga sahani ya biriani Unguja. Hali, halali, hana mke wala akaunti ya benki, na tangu aanze kazi hajawahi kumtumia mtu ankara. Ana kaka yake anaitwa Google, mwenye kipaji kilekile. Yupo pia shangazi yao, Maktaba, ambaye hufanya kazi zaidi na magazeti.

Kinachochekesha ni kwamba blogu iliyowazoesha Watanzania wengi kusoma blogu ilianzishwa na mpigapicha. Issa Michuzi alipoanza mwaka 2005, watu walikuwa wanakwenda kwake kutazama picha. Tuliipenda blogu, tukafungua zetu, kisha tukaanza kufuta majina ya wapigapicha.

Kuhusu kufuta majina, ufundi wake uko hivi. Mpigapicha akiwa ameandika jina lake pembeni mwa picha, kata pembe hiyo. Akiwa mjanja akaliandika katikati, lifunike kwa jina la blogu yako, herufi nene, rangi nyekundu, ili mtu mwingine asije akakuibia. Blogu za namna hii zipo nyingi na wenyewe hawaoni kichekesho: picha ya wizi imefungwa kufuli.

Ila barua ya wakili inaweza kuja, kwa hiyo andaa utetezi mapema. Zipo hoja kadhaa ambazo wanablogu wamerithishana, na kila moja imekwisha kujaribiwa na mtu mwingine kwa gharama zake.

Hoja ya kwanza: "Haikuwa na alama yoyote ya hakimiliki." Ni hoja nzuri, imechelewa kidogo tu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ni wa mwaka 1886. Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Msingi wake ni kwamba hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Haingoji alama, muhuri wala risiti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inafuata njia hiyohiyo. Kidole kikishabonyeza kamera, picha ina mwenyewe. Kwenda kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA, au COSOZA kama uko Zanzibar, au KECOBO kama uko Nairobi, kunamsaidia mwenye picha kuthibitisha kuwa ni yake siku mkigombana. Hata asipokwenda, bado ni yake.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Lakini nimetaja chanzo!" Hii tuipeleke Ujerumani. Katika mji wa Waltrop, mwanafunzi mmoja wa shule aliandaa kazi ya somo la Kihispania. Akaona kwenye tovuti ya mambo ya safari picha ya mji wa Córdoba, akaichukua, na kwa adabu zote akaitaja tovuti hiyo chini ya picha. Shule ikaiweka kazi yake kwenye tovuti ya shule. Mpigapicha, Dirk Renckhoff, akasema yeye aliwaruhusu wale wa safari, hakuiruhusu shule. Kesi ikapanda ngazi baada ya ngazi mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ambayo tarehe 7 Agosti 2018 ilisema kuiweka picha upya kwenye tovuti nyingine kunahitaji ruhusa mpya ya mwenyewe, hata kama mwanzo ilikuwa inaonekana bure na kila mtu. Sasa jipime. Huyu alikuwa mwanafunzi, hana matangazo ya biashara, ametaja chanzo, anajifunza lugha. Wewe una tangazo la kubeti linalorukaruka juu ya dafu.

Hatusemi kwamba Luxembourg itakuita. Tunasema tu kwamba kumtaja mtu na kumwomba ni vitu viwili. Ukimchukulia jirani kuku wake na ukatangaza mtaa mzima kuku ni wa nani, bado utaulizwa kuku yuko wapi.

Hoja ya tatu: "Ilikuwa imeshasambaa kwenye magrupu." Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince, Daniel Morel, mpigapicha wa Haiti, alikuwa pale mjini. Alipiga picha na kuziweka kwenye akaunti yake ya Twitter. Jamaa mmoja wa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, akazichukua, akaziweka kwake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la AFP likazichukua kwa huyo jamaa, likazipitisha kwa wauza picha wa Getty Images, na magazeti makubwa duniani yakazichapa na jina lisilo la mpigapicha. Hebu fikiria: hawa si watoto wa mjini wenye simu, ni wazoefu wenye mawakili ndani ya jengo, na utetezi wao ulikuwa ndugu wa huo wako: kwamba picha ikishawekwa Twitter, wengine wanaruhusiwa kuitumia. Novemba 2013, baraza la wazee wa mahakama New York likaamuru Morel alipwe dola milioni 1.2.

Hoja ya nne: "Ni picha ya zamani, tena nyeusi na nyeupe." Hapa mwanablogu hujiona yuko salama kabisa, hasa ikikaribia Aprili 26, Sikukuu ya Muungano. Siku hiyo Mwalimu Nyerere akichanganya udongo huonekana kila ukurasa, na ni nadra kuona jina la aliyeshika kamera. Ila uzee wa picha hupimwa kwa sheria, rangi haimo. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999, kanuni ya jumla ni uhai wa mwenye kazi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kenya wana hesabu yao kwa picha: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, kutolewa kwa umma au kuchapishwa mara ya kwanza, kutegemea lipi lilitokea mwisho. Mohamed Amin alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, akahamia Nairobi, akafa Novemba 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Chukua kazi yake yoyote iliyotoka mwaka 1984, mwaka ambao yeye na wenzake waliionyesha dunia njaa ya Ethiopia, na upige hesabu kwa sheria ya Kenya: utafika mwisho wa 2034. Subira ni njema, lakini dafu lako haliwezi kungoja hivyo.

Hoja ya tano ni "sina hela," na hii tuipite haraka kwa sababu inatia huruma. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja Tanzania, ada za kuisajili blogu zilizidi shilingi milioni mbili. Wapo waliozipata. Mpigapicha angeomba sehemu ndogo ya hizo.

Sasa, wapo watu wachache wenye tabia ya kutaka kulala usingizi. Kwao kuna njia nyingine, ndefu kidogo, tunaitaja kwa kukamilisha mwongozo tu.

Palepale Google, chini ya kisanduku cha kutafutia, kuna neno Zana. Wengi wameishi nalo miaka yote bila kuligusa. Ukilibonyeza utapata Haki za Matumizi, na ndani yake chaguo la picha zenye leseni za Creative Commons. Nazi nyingi za Thailand zitatoweka ghafla. Zilizobaki usizibebe hivihivi: fungua ukurasa picha ilikotoka, soma leseni kwa macho yako, kwa sababu Google inakusomea kile kilichoandikwa na aliyeipakia, na aliyeipakia anaweza kuwa ni mwanablogu kama wewe.

Creative Commons ni shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, na leseni zake za kwanza zilitoka mwaka uliofuata. Mwenye picha anasema mapema: tumieni, masharti yangu ni haya. Leseni ziko sita na zimeundwa kwa herufi chache. BY ina maana nitaje jina; iko katika zote sita. NC, usifanyie biashara, na hapo lile tangazo la kubeti linaanza kukutazama. ND, usiibadilishe, kwa hiyo sahau kumwekea Mwalimu miwani ya jua. SA, ukiibadilisha, kazi yako mpya nayo iachie watu kwa masharti hayohayo. Nje ya sita ipo CC0, ambayo mwenyewe amenawa mikono kabisa.

Wanablogu hukwama kwenye jina, kwa hiyo tazama linavyoandikwa. Unahitaji vitu vinne: picha inaitwaje, kaipiga nani, imetoka wapi, leseni gani. Mstari wako utasomeka: "Muuza madafu, picha ya Fulani bin Fulani, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0," na pawe na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye picha na kingine kwenye leseni. Ni mrefu kuliko "Picha: Mtandao" kwa maneno machache tu. Ukisahau, toleo la 4.0 ni la kiungwana: ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ujue kosa lako, haki yako ya kuitumia picha inarudi.

Hiyo Wikimedia Commons ndiyo ghala la kuanzia. Humo kuna magofu ya Kilwa, milango ya Mji Mkongwe, masoko, vyakula, na tangu 2014 kuna shindano la Wiki Loves Africa ambalo karibu kila mwaka linaongeza picha za bara hili, nyingi zikiwa zimepigwa na watu wanaoishi humu. Ukitaka kutafuta ghala nyingi kwa mpigo, tumia Openverse. Unsplash, Pexels na Pixabay hukupa picha bure bila hata kukulazimisha kutaja jina, ingawa kutaja ni uungwana. Na picha za NASA, kama kazi nyingine za watumishi wa serikali kuu ya Marekani, kwa kawaida hazina hakimiliki nchini kwao. Ile maarufu ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972 imeielekea Afrika. Pwani yetu imo, na kwa kuwa minazi ilikuwepo 1972, unaweza kuitumia kwenye posti ya madafu na hakuna wa kukusuta.

Ukipata picha ya bure, tunza ushahidi: piga skrinishoti ya ukurasa ikionyesha leseni na tarehe. Muulize Carol Highsmith. Mama huyu Mmarekani ametoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la Marekani ili umma uzitumie bure. Desemba 2015 akapata barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha bila kibali kwenye tovuti ya taasisi yake. Picha ilikuwa ya kwake, kaipiga mwenyewe. Mwaka 2016 akazishtaki kampuni za picha, Getty ikiwemo, akidai dola bilioni moja. Sehemu kubwa ya madai ikatupwa: picha ulishaigawia dunia, kampuni nazo zimo duniani. Ikiwa mpigapicha mwenyewe alidaiwa, wewe utasalimika kwa ushahidi gani? Skrinishoti.

Wapenda teknolojia watauliza kwa nini usiiambie akili mnemba ikuchoree dafu. Jaribu. Huenda ukapewa muuza madafu mwenye vidole saba na panga lenye mipini miwili. Na usidhani mashine inatoa vitu hewani: Getty iliposhtaki kampuni ya Stability AI mwaka 2023, mojawapo ya vielelezo ilikuwa picha zilizotengenezwa na mashine zikiwa na kitu kinachofanana na nembo ya Getty, imepindapinda lakini inasomeka. Hata mashine imejifunza kwetu, tofauti ni kwamba yenyewe husahau kukata pembe.

Ipo pia njia ya kima. Mwaka 2011 kule Sulawesi, Indonesia, kima mmoja alibonyeza kamera ya mpigapicha Mwingereza David Slater na kujipiga akicheka. Kesi ilifunguliwa Marekani kwa jina la kima, na Aprili 2018 mahakama ya rufaa ikasema mnyama hana haki ya kushtaki kwa sheria ya hakimiliki. Mwenye simu asiyoihitaji sana anaweza kupita Hifadhi ya Mikumi akajaribu bahati yake.

Jambo moja ambalo si la utani sana: aliyemo kwenye picha. Leseni ya mpigapicha haikupi ruhusa ya sura ya mtu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Kosa lao halikuwa wizi wa picha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo yule kaka anayetabasamu kwenye picha ya bure usimbandike juu ya tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Ana mke, ana wakwe, na anatumia intaneti.

Baada ya kuzunguka kote huko, utagundua kwamba kwenye kona ya mtaa wako yupo mtu mwenye baiskeli, madafu, panga, na kivuli cha mwembe chenye mwanga mzuri saa tatu asubuhi. Nenda na simu yako. "Shikamoo mzee. Naomba nipige picha ya hayo madafu niiweke mtandaoni, na wewe ukipenda." Atauliza utamlipa nini. Nunua mawili, kunywa moja palepale, na muulize tena kuhusu uso wake, maana dafu kukubaliwa si kusema na uso umekubaliwa. Akikataa, piga mikono na panga tu. Mara nyingi ndiyo picha nzuri zaidi. Picha itakuwa yako, na Tanga watalitambua dafu.

Na kama picha unayoitaka kwa dhati ni ya mpigapicha fulani, mwandikie. Haihitaji wakili: "Habari za leo. Nina blogu ya afya, inasomwa na watu kiasi fulani, ina matangazo. Naomba kutumia picha yako ya muuza madafu kwenye makala moja. Nitaandika jina lako na kuweka kiungo cha kazi zako. Kama kuna malipo, naomba unitajie." Atakayejibu "tumia tu, weka jina" utamshukuru. Atakayetaja bei, lipa au acha. Asiyejibu hajakubali: kimya kinahesabiwa kuwa ridhaa kwa bibi harusi, hakihesabiwi hivyo kwa mpigapicha.

Makala hii imetoka bila picha. Tulimwomba mpigapicha mmoja wa Bagamoyo picha yake ya madafu, na hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajajibu.